Nyota zinazotoa masizi: galaksi ndogo ya Barnard inatufundisha nini?

Ukipika na makala kwenye mbabula, chini ya sufuria kunabaki masizi. Masizi ni kaboni, na makala vilevile. Kabla ya kuingia ndani ya mti, hiyo kaboni ilitoka wapi? Wataalamu wanajibu: ilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla Jua letu halijazaliwa.

Nyota ya kaboni ni nini?

Ni nyota iliyozeeka, imevimba na kuwa nyekundu sana. Ndani yake heli inageuka kaboni, kisha kaboni inapandishwa juu, kama vile uji unapochemka kutoka chini ya chungu. Kule juu, kila chembe ya oksijeni inashikana na chembe moja ya kaboni. Kama oksijeni ndiyo nyingi, kaboni yote inamezwa. Kama kaboni imezidi, ile inayobaki inafanya masizi, na upepo wa nyota unayatupa angani. Ndani ya Jua letu, oksijeni ni karibu mara mbili ya kaboni.

Ju ya nini kwenda kuzitafuta mbali?

Ndani ya galaksi yetu, vumbi linaficha nyota nyingi, na kila moja iko kwa umbali wake. Ndani ya galaksi nyingine, nyota zote ziko karibu umbali mmoja, ni kusema kuzilinganisha ni rahisi.

Mfano mzuri ni NGC 6822, galaksi ndogo isiyo na umbo kamili. Edward Emerson Barnard aliiona kwanza mwaka wa 1884. Mwaka wa 1925, Edwin Hubble alionyesha kwamba iko nje kabisa ya galaksi yetu. Mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka milioni moja na nusu mpaka kutufikia.

Mwaka wa 2002, kundi la Bruno Letarte lilitangaza kwamba limehesabu kule nyota za kaboni 904, kwa kutumia darubini kubwa ya Hawaii. Walipiga picha kupitia vichujio vinne vya rangi, vyenye kutenga nyota za kaboni na zile nyekundu zenye oksijeni nyingi.

Hesabu hiyo inasaidia nini?

Galaksi ya Barnard ina oksijeni na metali kidogo kuliko yetu. Pale oksijeni ni kidogo, kaboni inashinda upesi. Kwa hiyo, ukilinganisha idadi ya makundi hayo mawili, unajua kama galaksi ni maskini ao tajiri kwa metali, na masizi mangapi nyota zake zinaweza kuachia nyota na sayari za kesho.

Kwa macho matupu hutaiona. Lakini katikati ya mwezi wa nane, karibu saa nne ya usiku, inapita juu sana hapa kwetu, upande wa kundi la Mshale. Ukiwa na makala mkononi, tazama kule: kazi ileile ingali inaendelea.