Sauti Ndefu za Mitambo na Subira ya Sikio

Sisi tuliolelewa katika ngoma na nyimbo tuna haki ya kuuliza: muziki usio na mapigo wala maneno, unaodumisha sauti moja kwa saa nzima, una utamu gani? Yafaa tulijibu swali hili kwa kuitazama kazi ya mtunzi Éliane Radigue, aliyezaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1932.

Radigue alifundishwa na Pierre Schaeffer na Pierre Henry, waasisi wa sanaa ya kutunga muziki kwa sauti zilizonaswa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipata huko New York mtambo wa kielektroniki wa kuzalisha sauti, uitwao ARP 2500. Alirudi nao kwao bila vibonyezo vyake vya kinanda, kwani hakukusudia kupiga noti, bali kugeuza vidhibiti kidogo kidogo na kuinasa sauti katika utepe.

Elimu ya sauti yatufunulia siri ya mvuto huo. Sauti moja ikitetemeka mara 220 kwa sekunde na nyingine mara 221, sikio husikia nguvu ya sauti ikipanda na kushuka mara moja kila sekunde. Pigo hilo hakulipiga mtu. Limezaliwa na sauti mbili zilizokutana. Lakini sikio lenye haraka halilitambui, na ndiyo sababu muziki huu wahitaji muda mrefu.

Kazi yake kuu, *Trilogie de la Mort*, aliitunga kati ya mwaka 1988 na 1993. Ina sehemu tatu, nayo huchukua takriban saa tatu. Msingi wake ni mafundisho ya Kibudha ya Tibet juu ya kufa. Mwaka 1989, kazi ikiendelea, mwanawe alifariki ajalini. Hapo urefu si mbwembwe tena. Hata kwetu matanga hukaliwa kwa siku kadhaa, maana majonzi hayaharakishwi.

Baada ya mwaka 2000 Radigue aliuacha mtambo, akatunga pamoja na wapigaji wa ala za kawaida, miongoni mwao Charles Curtis, mpigaji wa selo. Mwendo wa muziki ulibaki ule ule. Kwa hiyo twathubutu kusema kwamba mvuto wake haukutokana na umeme, bali na subira. Na subira ya kusikiliza ni elimu ambayo mwalimu na mwanafunzi wetu waweza kuianza leo, kwa chombo chochote walicho nacho.