Linux na urahisi wa kuingia kwenye intaneti

Linux ni mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland. Kwa miaka mingi ulibaki mikononi mwa wataalamu. Mtumiaji mgeni alikwama hasa katika kuunganisha modemu: alilazimika kuandika amri asizozielewa, ilhali maelekezo aliyoyahitaji yalikuwa kwenye intaneti ile ile asiyoweza kuifikia.

Miongoni mwa waliojitahidi kuondoa kikwazo hicho ni Mark Shuttleworth, mfanyabiashara wa Afrika Kusini, aliyeanzisha Ubuntu, aina ya Linux iliyotolewa Oktoba 2004. Jina hilo la Kizulu na Kixhosa lina maana sawa na neno la Kiswahili, utu. Hadi mwaka 2011, diski zake zilitumwa kwa posta bila malipo, zikawafaa wasioweza kupakua mfumo mzima.

Baadaye programu ya NetworkManager ilirahisisha kazi. Mtumiaji hubofya alama ya mtandao, huchagua Wi-Fi na kuandika nenosiri. Tangu toleo la Oktoba 2008, modemu nyingi za USB zinazotumia laini ya simu hutambuliwa zinapochomekwa. Mtumiaji huchagua kampuni yake ya simu, na mipangilio hujazwa yenyewe.

Hata hivyo, baadhi ya vifaa vya Wi-Fi huhitaji programu ya ziada isiyokuwemo kwenye diski. Ndiyo maana anayeanza hushauriwa kuwasha kompyuta kwa diski au flashi ya majaribio, na kuijaribu intaneti, kabla ya kufuta mfumo wake wa zamani.