Wasichana 139 wa Aboke na hesabu waliyoikataa wazazi

Wiki hii zamu ya historia imenifikia mimi, na nitawapeleka Uganda, mwaka 1996.

Kwanza niwaambie kwa nini nimechagua habari hii. Wengi mnajua hapa kambini najitolea kwenye meza ya watoto waliopotezana na wazazi. Kazi yenyewe ni kuandika: jina, kijiji, nani alimwona mara ya mwisho. Mwezi uliopita mama mmoja alipata mtoto wake. Tulifurahi sana, watu wakapiga vigelegele. Halafu akaniambia, "Kijana wangu, sasa nifute, mimi nimemaliza." Nikamfuta. Ila kwenye ukurasa uleule majina mengine yalibaki, na mama zao walikuwa wamekaa palepale kwenye benchi wakituangalia. Simlaumu yule mama. Lakini usiku ule ndipo nikakumbuka Aboke.

Aboke iko kaskazini mwa Uganda, si mbali na mji wa Lira. Pale kuna shule ya bweni ya wasichana, St. Mary's College, ambayo wakati ule iliongozwa na masista wa Comboni. Miaka ile waasi wa LRA, watu wa Joseph Kony, walikuwa wanateka watoto vijijini na mashuleni. Wavulana waligeuzwa askari, wasichana wakagawiwa makamanda kama wake.

Tarehe 9 Oktoba ni sikukuu ya uhuru wa Uganda. Siku hiyo masista walishasikia kwamba waasi wako karibu, lakini ulinzi waliouomba haukufika. Usiku wa manane, kuamkia tarehe 10, waasi wakaingia. Walivunja madirisha ya bweni, wakawafunga wasichana kamba na kuondoka nao. Walikuwa 139.

Kulipokucha, naibu mkuu wa shule, Sista Rachele Fassera kutoka Italia, hakusubiri mtu. Alimfuata waasi porini pamoja na mwalimu mmoja kijana, John Bosco Ocen. Hawakuwa na bunduki. Njia waliijua kwa makaratasi ya pipi na chupa za soda ambazo waasi walikuwa wanatupa baada ya kupora. Hebu fikiria, unafuata watu wenye silaha kwa kuokota makaratasi ya pipi!

Wakawafikia. Sista akamwomba kamanda, akapiga magoti. Mwishowe kamanda akaandika hesabu chini kwenye udongo: wasichana ni 139, nakupa 109, nabaki na 30. Sista akasema basi nichukueni mimi, waacheni hawa. Wakakataa. Majina ya wale 30 yakaandikwa kwenye karatasi. Akatembea na wale 109 mpaka nyumbani, na nyuma yake 30 wakabaki wakilia.

Ndugu zangu, hapa ndipo ningependa tusimame kidogo. Kwa hesabu ya kawaida, kuokoa 109 kati ya 139 ni ushindi. Wazazi 109 wangeweza kukumbatia watoto wao, wakashukuru Mungu na kufunga mlango. Nani angewalaumu? Ila jumuiya ya shule ile haikukubali kukatika vipande viwili. Wazazi waliunda chama, Concerned Parents Association, yaani chama cha wazazi wanaojali. Walikutana, walisali, walifunga, walipaza sauti redioni na kwa wakubwa. Papa Yohane Paulo wa Pili naye akawaombea wasichana wale hadharani. Sista Rachele alisafiri mpaka Sudan, ambako LRA walikuwa na kambi zao.

Na hawakudai wale 30 tu. Walisema: watoto wote waliotekwa warudi, hata wa kijijini ambaye hajawahi kuona darasa na ambaye hakuna gazeti linalomtaja.

Msimamo huo ulikuja kupimwa. Mmoja wa viongozi wa chama alikuwa Angelina Atyam, muuguzi na mkunga, ambaye binti yake alikuwa kati ya wale 30. Waasi walipoona kelele zimezidi, walimletea ujumbe: tutakurudishia binti yako, wewe nyamaza. Yeye akajibu kwamba hamchukui wake peke yake, wawatoe wote. Wakakataa. Ndani ya familia yake kuna waliomwona amechanganyikiwa. Mwaka 1998 alipewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, lakini tuzo haifuti machozi. Binti yake alitoroka mwaka 2004, karibu miaka minane tangu usiku ule.

Wengine walitoroka mmoja mmoja. Wengine walifia huko huko. Wa mwisho alijitokeza Machi 2009 akiwa na mtoto mdogo, na mjue alitokea wapi: Dungu, kwetu Kongo, baada ya jeshi kushambulia kambi za LRA kule Garamba. Miaka zaidi ya 12, na kwao bado walikuwa wanamhesabu.

Mimi sikuandika haya ili tuseme kila mama akatae mtoto wake kama Angelina. Mimi mwenyewe sijui kama ningeweza. Ninachosema ni kwamba umoja haupimwi siku wote tuna shida moja. Siku hiyo ni rahisi, wote tunalia. Unapimwa siku mmoja wetu amefanikiwa: amepata mtoto, amepata kadi, amepata safari ya nchi ya tatu. Je, bado anatuhesabu?

Kwa hiyo naleta ombi kwa kikundi na kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa. Tutenge saa moja kila Jumamosi, waliopata watu wao wakae na wanaosubiri. Wawaeleze walipita njia gani, waliuliza wapi, walingoja muda gani. Benchi lipo, kivuli kipo.

Kesho asubuhi nitapita kwa yule mama niliyemfuta. Nitamwomba awe wa kwanza kuja.