Pikipiki za moshi wa buluu: siri iliyovuka mpaka pamoja na mkimbizi

Barabarani Goma, Bukavu na Bunia, wamotari wengi wanabeba abiria kwa TVS na Boxer, pikipiki za moteri ya mipigo minne. Lakini wazee bado wanakumbuka Yamaha AG100 ya misioni na ya wauguzi wa vijijini, iliyolia kama nyuki na kuacha moshi wa buluu nyuma yake. Ile ilikuwa ya mipigo miwili. Pikipiki za mbio za aina hiyo, zilizotengenezwa Japani miaka ya 1980 na 1990, leo zinatafutwa sana Ulaya na Marekani. Historia yake inapitia kwa mtu aliyekimbia nchi yake.

Moteri ya mipigo minne inawasha mafuta mara moja katika mizunguko miwili. Ya mipigo miwili inawasha kila mzunguko. Kwa hiyo ni ndogo, nyepesi, lakini ina nguvu nyingi. Ubaya wake ni kwamba inachoma oili pamoja na esanse, na ndiyo sababu ya ule moshi.

Miaka ya 1950, ujuzi mkubwa wa moteri hizo ulikuwa Ujerumani ya Mashariki, katika kiwanda cha MZ mjini Zschopau. Mhandisi Walter Kaaden alishughulikia bomba la moshi, akalifanya livimbe katikati na kubana mwishoni. Hapo wimbi la moshi linarudi nyuma na kusukuma mafuta mapya ndani ya silinda, yasitoke bure. Mwaka 1961 moteri yake ya cc 125 ilifikia nguvu ya farasi 25.

Agosti ya mwaka huo, ukuta wa Berlin ulianza kujengwa. Septemba, Ernst Degner, mwanamashindano wa MZ, alikwenda kushindana Sweden na hakurudi kwao. Mke wake na watoto walivushwa wakiwa wamefichwa ndani ya buti ya gari. Degner akajiunga na Suzuki huko Japani, na ujuzi wa Kaaden ukaenda naye. Mwaka 1962 alichukua ubingwa wa dunia wa cc 50, taji la kwanza la Suzuki. Mpaka leo kona moja ya uwanja wa Suzuka inaitwa kwa jina lake. Kwa familia yake, safari ile ilikuwa wokovu. Kwa Kaaden, aliyebaki nyuma ya ukuta, ilikuwa jasho lake kuchukuliwa. MZ haikupata kamwe ubingwa wa dunia wa mbio hizo.

Wajapani waliendeleza kazi. Mwaka 1969 Kawasaki ilitoa H1 ya cc 500, yenye silinda tatu. Mwaka 1980 ikaja Yamaha RZ250 inayopozwa kwa maji, mwaka 1983 Suzuki RG250 Gamma yenye shasi ya alumini, na mwaka 1986 Honda NSR250R. Zilikuwa nyingi za cc 250 kwa sababu sheria ya Japani haizidai ukaguzi wa serikali unaodaiwa kwa pikipiki kubwa zaidi. Kijana aliweza kununua kitu kinachofanana sana na kile alichoona mashindanoni.

Moshi ndio uliozimaliza. Sheria za hewa safi zilikaza Marekani, kisha Japani mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika mashindano ya dunia, mipigo miwili iliaga mwaka 2011.

Nyingi, kama NSR250R, hazikuuzwa rasmi Marekani. Lakini sheria ya huko inasamehe chombo kilichotimiza miaka 25 masharti ya usalama ya kuingizia nchini. Ndiyo maana soko lilifunguka, na bei ikapanda. Panapo bei nzuri, wadanganyifu hawakosi: moteri ya pikipiki moja, shasi ya nyingine, rangi mpya juu.

Mnunuzi mwenye akili anaanza na namba ya shasi. Kwa NSR250R, MC18 ni ya mwaka 1988 na 1989, MC28 ni ya kuanzia 1993. Muuzaji akisema ni ya 1995 huku namba inaanza na MC18, hakuna la kujadili. Kisha anapima mgandamizo wa kila silinda, anahakikisha pampu ya oili inafanya kazi, na anakumbuka kwamba sili za moteri iliyolala miaka mingi hukauka. Kiwanda hakitoi tena vipande vingi, kwa hiyo pistoni ikikwama gharama inaweza kuzidi faida.

Kanuni hiyo inafaa pia kwa familia iliyohamishwa na vita inayochanga pesa ya kununua moto ya kazi. Mbele ya kutoa pesa, soma namba iliyochongwa kwenye shasi, uilinganishe tarakimu kwa tarakimu na karte roze. Kama hazifanani, usilipe hata arabuni.