Nguruwe Ndani ya Sutikesi

Nguruwe ana shida moja kubwa kwa mtu wa magendo: anapiga kelele. Kwa hivyo Mfaransa wa 1942 aliyetaka kumchinja bila kibali alingoja usiku, akafunga mlango wa ghala, akaomba majirani wawe wamelala au wawe na njaa kama yeye. Kisha nyama iliingia kwenye sutikesi na kupanda treni ya Paris kama abiria. Friji hakuna. Na stesheni, wakaguzi walikuwa wanangoja kufungua mizigo.

Tuelewane kwanza kuhusu njaa yenyewe. Ujerumani iliishinda Ufaransa Juni 1940, na kufikia Septemba watu walikuwa wanakula kwa tikiti. Mtu mzima alianza na gramu 360 za nyama kwa wiki. Kufikia 1943 zilikuwa zimeshuka hadi kama 120, na hiyo ni kama bucha ilikuwa na kitu siku hiyo. Yaani nusu ya ile robo unayonunua jioni ukitoka kazini, na uile wiki nzima.

Mkulima naye alipewa bei ya serikali ambayo ilikuwa kama matusi. Si ajabu akachinja usiku.

Serikali ya Vichy, iliyokuwa ikishirikiana na Wajerumani, ilijibu kwa sheria juu ya sheria. Ile ninayoirudia kila mara ni ya tarehe 15 Machi 1942. Iliwaahidi walanguzi vifungo virefu na faini kubwa ajabu, lakini ikaacha mlango mmoja wazi: aliyevunja sheria kwa mahitaji yake mwenyewe au ya familia yake tu, huyo aachwe. Isome tena polepole. Hiyo ni serikali inayokiri, kwa lugha ya mawakili, kwamba chakula inachogawa hakimtoshi mtu. Hata Kardinali Suhard, askofu mkuu wa Paris, alikuwa amewatuliza waumini kwamba hivi vijimagendo vya kujazia sufuria havikuwa dhambi ya kukosesha usingizi.

Sasa kaa wewe kwenye kiti cha hakimu. Mama amekamatwa na kilo kadhaa za nyama chini ya nguo za watoto. Familia inaishia wapi? Shangazi yumo? Na jirani ambaye mumewe ni mateka Ujerumani? Akimuuzia kwa bei ileile aliyonunua, ni mlanguzi? Akiongeza hela kidogo ya nauli je? Na kuna ambao hawakumwona hakimu kabisa, kwa sababu mkuu wa mkoa aliweza kumtupa mtu kambini kwa amri tu.

Kinachonichoma ni mnunuzi mkubwa alikuwa nani. Mwanzoni Ufaransa ililipa faranga milioni 400 kila siku kama gharama ya kukaliwa na jeshi la kigeni, na kwa pesa hizohizo Wajerumani walinunua magendo. Walikuwa hata na ofisi ya kazi hiyo jijini Paris, Bureau Otto, iliyokusanya ngozi, vyuma na nguo. Wanajeshi nao walipita mashambani wakinunua nyama na siagi kwa bei ambayo hakuna mama wa Paris angeiweza. Marufuku yao yalikuja 1943. Ni mkaguzi gani wa Kifaransa angefungua sutikesi ya Mjerumani?

Simfanyi kila mlanguzi shujaa, bana. Wapo walionenepa, na Wafaransa waliwabatiza BOF, herufi za siagi, mayai na jibini. Oktoba 1944, baada ya ukombozi, ikatoka amri ya kuwanyang'anya faida haramu. Tikiti zenyewe ziliendelea hadi 1949.

Mwaka 1956 ikatoka filamu, La Traversée de Paris. Wanaume wawili wanavuka jiji usiku na nguruwe aliyekatwakatwa kwenye masutikesi, wananaswa na Wajerumani. Mmoja ni mchoraji maarufu, na ofisa anayependa sanaa anamtambua, anamwachilia. Mwenzake, dereva wa teksi asiye na kazi, anapakiwa kwenye lori. Vita vikiisha wanakutana stesheni. Mchoraji anapanda treni. Yule mwingine ni hamali, amebeba mizigo yake.