Mauzo ya Kubaki Mpangaji

Kampuni iliyojijengea makao ya ofisi, kisha ikamwuzia tajiri makao hayo na siku ile ile ikatia sahihi mkataba wa kuyapanga kwa miaka kumi na mitano au ishirini, imefanya jambo ambalo napenda liitwe mauzo ya kubaki mpangaji. Maana tukisema "kuuza na kukodi tena", msikilizaji hudhani muuzaji alihama kwanza ndipo akarejea, ilhali makarani wake hawakuinuka vitini hata dakika moja.

Pwani yetu imelijua jambo hili zamani. Katika karne ya 19, Unguja na Oman, mwenye shamba aliyehitaji fedha aliweza kumwuzia mkopeshaji shamba lake kwa bei ya hiyari, yaani mauzo yenye haki ya kulikomboa kwa muda uliowekwa, naye akabaki humo akilipa ijara, yaani kodi ya kupanga. Na ijara hiyo, kwa hakika, ilikaa mahali pa riba iliyoharimishwa. Mauzo ya siku hizi aghalabu hayana ukombozi: aliyeuza ameuza.

Sasa natutazame mauzo haya huko Kolwezi, mji wa migodi ya shaba na kobalti katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 imeifanya ardhi yote kuwa milki ya Dola, hivyo anayenunua ua wa ofisi karibu na migodi hanunui udongo; hununua majengo pamoja na haki ya kukitumia kiwanja, ambayo kwa kampuni hutolewa kwa muda usiozidi miaka 25, ikiwezekana kuombwa upya, na ushahidi wake ni cheti cha usajili. Mkataba wa upangaji usizidi miaka iliyosalia katika cheti hicho.

Walakini hatari kubwa zaidi imo katika madini yenyewe. Kampuni ya migodi ya Kamoto Copper, ya huko huko Kolwezi, ilisimamisha uzalishaji mwaka 2015, ikarejea mwishoni mwa 2017. Mgodi jirani wa Mutanda nao ukasimama mwishoni mwa 2019, bei ya kobalti ilipokuwa imeshuka, ukaanza tena 2021. Ukuta mrefu, jenereta, kisima, ukumbi wa mikutano, gereji ya magari ya mgodini: vitu hivi vimejengwa kwa ajili ya mpangaji mmoja, na akiondoka yeye si rahisi kumpata wa pili. Tajiri, basi, amenunua ahadi ya mgodi ya kulipa ijara, na majengo ni dhamana dhaifu tu ya ahadi hiyo. Ndiyo maana kabla ya kutoa fedha sharti apate maandishi ya kampuni mama ya ng'ambo kwamba ijara italipwa hata mgodi ukisimama.