Umejuaje? Wahusika wa Filamu, Uvumi na Ushahidi wa Mwanahistoria

Katika miaka ya 1990, nikiwa kijana mdogo Nyamiaga, wilayani Ngara, tulitazama filamu katika kibanda umiza kilichoendeshwa kwa jenereta. Kaseti nyingi zilikuwa za lugha tusizozijua, na mwenye kibanda alisimama kando ya runinga akitufasiria. Usiku mmoja walionekana wanawake wawili wakiagana kwa machozi, wakakumbatiana kwa muda mrefu. Mfasiri akatutangazia kwamba huyo ni mtu na dada yake. Tuliamini. Leo nina shaka, lakini shaka si ushahidi: kaseti ile haikuwa na jalada, na jina la filamu silikumbuki.

Nililikumbuka tukio hilo hivi karibuni, mwanafunzi wangu aliponiletea pendekezo la utafiti kuhusu wahusika wanawake wanaopenda wanawake katika filamu za Afrika. Alikuwa na orodha ndefu aliyoinakili mtandaoni. Kwa kila jina nilimuuliza swali moja tu: umejuaje? Hakuwa na jibu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake mitaani, lakini katika historia ni hatari, kwa kuwa lisemwalo huenda likawa limesemwa tu.

Ugumu wa kwanza ni lugha yenyewe. Neno “msagaji” hutumiwa mara nyingi kama tusi, na tusi humweleza zaidi anayelitamka kuliko anayetukanwa. Neno “shoga”, kwa wanawake wengi wa pwani, ni rafiki wa kike, wala halina siri yoyote. Mahali pengine lina maana tofauti kabisa. Mtafiti anayehukumu kwa neno moja la mazungumzo ya filamu anajenga nyumba juu ya mchanga.

Ugumu wa pili ni kwamba filamu yenyewe yaweza kuficha. Mwaka 1934 Lillian Hellman alionesha New York tamthilia yake The Children's Hour, kuhusu walimu wawili wa kike wanaoangamizwa na uvumi kwamba ni wapenzi. Mwaka 1936 William Wyler aliigeuza kuwa filamu, These Three. Kwa kuwa kanuni za maadili za Hollywood zilikataza jambo hilo kuguswa, uvumi ukageuzwa kuwa wa mwanamke na mwanamume, na hata jina la tamthilia likaachwa. Anayeitazama filamu hiyo peke yake ataapa kwamba jambo hilo halikuwamo kamwe. Tamthilia ndiyo inayofichua kilichofutwa. Mwaka 1961, kanuni zilipolegezwa, Wyler huyo huyo aliitengeneza upya, safari hii kwa jina na kisa cha awali.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Rafiki, kisa cha Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana Nairobi. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Aprili mwaka huo Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, watu wazima wakaruhusiwa kuitazama. Aprili 2020 Mahakama Kuu ikaitupilia mbali kesi ya kuipinga marufuku.

Tunajuaje kwamba Kena na Ziki ni wapenzi? Hapa ushahidi umepangika vizuri. Kwanza, filamu yenyewe inaonesha. Pili, imetokana na hadithi fupi “Jambula Tree” ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007, inayosimulia mapenzi ya Anyango na Sanyu. Tatu, mwongozaji ameeleza kwamba alichagua jina hilo kwa sababu wapenzi wa jinsia moja nchini mwake mara nyingi hulazimika kuwatambulisha wenzi wao kuwa “rafiki” tu. Nne, na hili ndilo linalonishangaza, mamlaka iliyoizuia filamu ilishuhudia vivyo hivyo: ilitaja mapenzi ya jinsia moja kuwa sababu ya kuizuia. Kahiu alieleza pia kwamba alitakiwa kuubadilisha mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno.

Litafakari hilo, ndugu msomaji. Hapakuwa na mgogoro juu ya wahusika ni akina nani. Mgogoro ulikuwa juu ya hatima yao. Bodi ilipotaka kuifuta filamu, iliacha uthibitisho ulio wazi kuliko makala nyingi za wahakiki.

Hata hivyo, ushahidi una gharama. Mwaka 2014 kikundi cha NEST cha Nairobi kilitoa Stories of Our Lives, filamu ya visa vitano vilivyotokana na mahojiano na Wakenya wanaoishi maisha hayo. Mwanzoni watengenezaji wengi hawakutaja majina yao. Filamu ilizuiwa, na mtayarishaji wake, George Gachara, akakamatwa kwa madai ya kurekodi bila kibali. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi na wanaharakati: mhusika si mwigizaji, wala si mtu aliyesimulia kisa. Kumthibitisha mhusika ni kazi ya elimu; kumnyooshea kidole mtu aliye hai, katika nchi ambamo sheria na mtaa vyaweza kumwangamiza, si utafiti hata kidogo.

Kwenu watumishi wa umma, nina ombi moja. Uamuzi wa kuzuia filamu ni waraka wa historia. Andikeni sababu zake kikamilifu, tunzeni majalada yake. Iwapo mtazamaji wa leo amenyimwa filamu, msimnyime msomaji wa kesho kujua kwa nini.

Mwanafunzi wangu alirudi na orodha ya majina manne kutoka ishirini na saba, kila moja likiwa na chanzo chake. Aliona aibu kwa ufupi wake. Nilimwambia kwamba hayo manne yana uzito kuliko yale ishirini na saba. Kuhusu wale wanawake wawili wa Nyamiaga, sitawaweka katika orodha yoyote. Walikuwa dada, au hawakuwa. Mfasiri alisema neno lake, nami sina waraka wa kulipinga.